Niliitengeneza Cherehani ya Mpinzani

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka nilipowaachia: mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho ya vyombo vya ushonaji, mjukuu wangu ana kitambulisho shingoni, mimi nina mkoba kwapani, na mlinzi anatuambia kitambulisho kimoja hakiingizi watu wawili.

Kwa ambaye hakuwepo, maneno machache yatatosha. Nimeshona nguo za watu miaka arobaini na mmoja. Mjukuu wangu nimemlea tangu ana meno mawili, nikamfundisha kazi hiyo hiyo, na mwaka huu akaniambia, kwa adabu zote, kwamba hataki kuinamia kitambaa mpaka mgongo wake uwe kama wangu. Anataka kazi ya uhusiano wa umma.

Ofisi ya kwanza ilimkataa kwa sababu hana uzoefu. Ya pili ilimkataa kwa sababu mimi nilipiga simu katikati ya usaili kuuliza kama amekula. Ya tatu ni hii ya kampuni ya cherehani. Wamempa siku moja ya majaribio, hapa kwenye maonyesho. Akifaulu, kazi ni yake.

Sasa tuendelee.

Aliyetuokoa pale mlangoni ni mkuu wa uhusiano mwenyewe. Wote walimwita Madam, nami nikamwita hivyo hivyo ingawa ningeweza kumzaa. Alinitazama kuanzia miwani hadi viatu. Akaiona futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, maana niliisahau asubuhi.

"Huyu nani?"

"Bibi yangu, Madam. Amenisindikiza tu, anarudi nyumbani."

"Harudi," akasema Madam. "Anakaa. Banda letu lina mashine tisa na hakuna sura hata moja ya mtu aliyewahi kushona."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa kabla ya mjukuu wangu.

Wakaniweka kwenye kiti pembeni mwa banda, kitambaa mapajani, uzi mkononi.

"Mama, kazi yako ni kutabasamu," Madam akanielekeza. "Usiongee. Wewe ni picha."

"Picha inaruhusiwa kwenda msalani?"

"Inaruhusiwa. Irudi haraka."

Mjukuu wangu akaniinamia kana kwamba ananitengenezea kola.

"Bibi, nakuomba kwa jina la marehemu babu. Usiguse kitu. Usiongee na mwandishi wa habari. Na usimwambie mtu yeyote kwamba nilikuwa nakojoa kitandani."

"Hiyo nilimwambia mtu mmoja tu."

"Ulimwambia mchumba wangu, Bibi."

"Kwani alikuacha kwa sababu hiyo?"

"Ndiyo."

"Basi hakuwa mchumba, mke mwenzangu. Alikuwa mpita njia."

Akacheka bila kutaka. Namwita mke mwenzangu kwa sababu babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita mke mdogo, na mimi wivu wangu niliumalizia kwenye utani.

Nilikaa. Nilitabasamu. Asubuhi yote nikamsikiliza Madam akimfunza.

"Uhusiano wa umma si kusema uongo," alisema. "Ni kuchagua ukweli upi utangulie mbele. Andika hiyo."

Mjukuu wangu akaandika. Nami nikaona ni maneno mazuri. Hata mgeni akija nyumbani humpitishi jikoni kwanza.

Tena nataka niwe wa haki. Yule mama alimfunza vizuri. Alimwonyesha jinsi ya kushika kipaza sauti, jinsi ya kumtazama mtu machoni, jinsi ya kujibu swali gumu kwa swali rahisi. Mtoto alipokosea hakumkemea mbele za watu, alimvuta pembeni. Hilo nililiona na nikalihesabu.

Lakini aliyenitunza mimi ni fundi wa banda, baba wa makamo mwenye koti la bluu na mvi kwenye ndevu. Kazi yake ilikuwa kuzitazama zile mashine zisiaibike. Alinipita mara mbili, mara ya tatu akasimama.

"Mama, hicho kiti kina roho mbaya. Kimeniumiza mimi, sembuse wewe."

Akachukua sponji lililokuja na mashine kwenye sanduku, akalikata kwa kisu, akaniwekea mgongoni. Hakungoja ashukuriwe. Watu wa namna hiyo ni wachache, na mara nyingi hawapandishwi cheo.

Mbele ya banda kulikuwa na meza ndefu yenye cherehani mbili. Moja nyeupe, mpya, ya kampuni yetu. (Asubuhi moja tu nimekaa na tayari nasema yetu.) Nyingine nyeusi, ya kampuni pinzani. Juu yake bango kubwa: LINGANISHA MWENYEWE. Saa nane mchana waandishi wa habari wangekuja, mashine zote mbili zingeshona mbele yao, na kila mtu angejionea.

Aliyepewa kuzishonea ni mjukuu wangu, naye alikuwa amezijaribu asubuhi. Huo ndio ulikuwa mtihani wake.

Saa saba wote wakaenda kula. Nikabaki mimi na mkoba wangu.

Hapa ndipo penye kosa langu, naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunihukumu.

Nilisimama kunyoosha miguu. Nikafika kwenye ile meza. Nikaweka kipande cha kitambaa kwenye cherehani nyeusi, nikashona kidogo tu, kuondoa uchovu wa mikono.

Ilikuwa inaruka mishono. Mmoja unashika, miwili inapita hewani, kama mtoto asiyependa kusoma anavyoruka mistari.

Nikaitazama sindano. Imetiwa kinyume. Tena ncha imekufa, haiwezi kutoboa hata uji. Mkazo wa uzi umekazwa mpaka uzi unalia. Na mafuta? Hiyo mashine ilikuwa kavu kama shukrani ya mwanasiasa.

Sasa niwaulize. Mtu ameanguka njiani, wewe ni mganga, unapita tu kwa sababu si wa ukoo wako?

Nikafungua mkoba. Nikatoa sindano mpya, nikaitia upande unaotakiwa. Nikaulegeza uzi. Nilikuwa nimeinama natafuta mahali pa kutia mafuta nilipoona viatu vya fundi vimesimama karibu yangu.

Nikajua nimekwisha.

Fundi akatoa kopo la mafuta mfukoni, akaliweka mezani.

"Hapo chini ya bamba, Mama. Matone mawili yanatosha."

Akageuka akaenda kula.

Saa nane ilipofika nilikuwa nimerudi kwenye sponji langu, picha isiyo na hatia.

Watu walijaa. Madam alikuwa na kipaza sauti na suti ya rangi ya maziwa. Mjukuu wangu akakaa kwenye cherehani nyeupe, akashona mstari mrefu. Ulinyooka. Watu wakapiga makofi.

"Na sasa," Madam akasema kwa sauti tamu, "ile ya wenzetu. Mimi sisemi neno. Macho yenu ndiyo yatakayosema."

Mjukuu wangu akahamia kwenye ile nyeusi. Akakanyaga.

Nilimwona alivyoshtuka. Mshono wa kwanza tu, mkono ulishamwambia. Akainua uso, akaitazama sindano, akaitazama mikono yangu. Vidole vyangu viwili vilikuwa na mafuta.

Mashine ikaenda. Taratibu, laini, haina kelele. Nikiri ukweli: ilishona vizuri kuliko ile nyeupe.

Mwandishi mmoja mwembamba akachukua vile vipande viwili, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Ipi ni ipi?"

Madam alikuwa hajavitazama. Alikuwa anawatazama watu.

"Chagua iliyo bora," akamwambia, "utajua."

Mwandishi akainua kipande juu. "Hiki."

"Mnaona!" Madam akashangilia.

"Madam," mjukuu wangu akamnong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na ukumbi mzima ukasikia, "hicho ni cha ile nyeusi."

Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tangu bwana harusi mmoja alipopasukiwa na suruali niliyomwambia asiivae bila kuipima. Watu wa banda la pili walikuja kuuliza kuna nini. Yule mama aliyejua kujibu swali gumu kwa swali rahisi akakiweka kipaza sauti mezani.

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, ofisi ya tatu hiyo, na mimi tena.

Nilipofumbua, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa mjukuu wangu.

"Ndugu waandishi," akasema, "mmeona kwa macho yenu. Cherehani ya wenzetu imeshona vizuri. Swali langu ni moja: mnajua jana ilikuwaje?"

Kicheko kikapungua.

"Jana ilikuwa inaruka mishono. Leo haikuruka hata mmoja. Kwa nini? Kwa sababu imelala kwenye banda letu, na fundi wetu ameishika. Yule pale mwenye koti la bluu. Kampuni nyingine zinakuuzia mashine na kukusahau. Sisi tunasema, leta cherehani yako, iwe ya jina lolote, iwe ya bibi yako, tutaitazama kama yetu. Ndiyo maana tumeandika linganisha mwenyewe. Hatukutaka mlinganishe mashine. Tulitaka mlinganishe matunzo."

Makofi! Mwandishi mwembamba anaandika mpaka karatasi inataka kuchanika. Wanawake watatu hapo hapo wakamzunguka fundi kumweleza maradhi ya mashine zao. Mmoja aliuliza kama anaweza kuleta na feni.

Nami nilipiga kigelegele. Picha haikatazwi kushangilia.

Madam alikuwa anabadilika rangi, kisha simu yake ikalia. Akaisikiliza akiwa amesimama wima.

"Ndiyo, Mkurugenzi... Ndiyo, ni wazo letu la idara... Asante sana, Mkurugenzi."

Alipokata simu alikuwa na sura ya mtu aliyepona ajali na kukuta saa ya mwenzake mkononi mwake.

Saa tisa akatuita nyuma ya banda. Kulikuwa na chumba kidogo cha mbao, masanduku mpaka juu, kiti kimoja. Tulikuwa wanne: Madam, mjukuu wangu, fundi na mimi. Fundi akanisogezea kile kiti.

"Hongera," Madam akamwambia mjukuu wangu. "Umefaulu. Unaanza Jumatatu."

Nikafungua mdomo kwa kigelegele cha pili. Madam akainua kidole.

"Lipo jambo moja. Mkurugenzi amefurahi, lakini si mjinga. Anataka kujua nani aliigusa ile mashine bila ruhusa. Anataka taarifa ya maandishi leo. Utaiandika wewe, iwe kazi yako ya kwanza."

Akampa karatasi na kalamu.

"Niandike nini, Madam?"

"Ulichosema. Kwamba fundi ndiye aliyeitengeneza. Si umekisema kwenye kipaza sauti? Watu mia mbili wamesikia, na kesho litakuwa gazetini. Uandike kwamba alipewa maagizo, akayapuuza kwa makusudi. Yeye ataweka sahihi, tutaachana naye kwa amani."

Mjukuu wangu alikuwa ameurusha uongo wake hewani kama mtu anayerusha wavu kujiokoa, na wavu umemwangukia fundi.

"Maagizo gani?" nikauliza.

"Mama, haya ni ya kiofisi."

Fundi ndiye aliyenijibu, kwa upole. "Niliambiwa niiweke vibaya, Mama. Ile sindano niliigeuza mimi mwenyewe, jana."

"Wewe!"

"Miaka ishirini na miwili natengeneza. Jana ndiyo mara ya kwanza kuambiwa niharibu. Sikulala. Nilipokukuta umeinama pale nikaona kama nimeletewa msaada."

"Umemkuta nani?" Madam akauliza haraka.

Nikasimama.

"Amenikuta mimi. Ni mimi niliyeitengeneza, Madam. Mwanangu huyu fundi hakugusa kitu. Mwandike bibi."

Nilidhani sasa litalipuka. Hapana. Mjukuu wangu akanishika bega kwa mkono laini kabisa, akamgeukia Madam.

"Msamehe, Madam. Bibi yangu ana umri mkubwa. Siku hizi anachanganya mambo. Akisikia jambo, anadhani amelifanya yeye."

Akasema kwa sauti ile ile ya kwenye kipaza sauti. Ikaniingia hata mimi. Kwa nukta mbili nilijiuliza kama kweli niliitengeneza.

"Masikini," Madam akasema, na naamini alisikitika kwa dhati. Akachukua chupa ya maji, akanifungulia kifuniko, akanishikisha kwa mikono miwili kama mtoto. "Pole, Mama. Hata mama yangu alianza hivyo. Kaa, upumzike."

Sijawahi kutendewa wema mwingi hivyo na watu wawili kwa wakati mmoja, nao ndio wema pekee nilioukataa maishani.

Fundi akaichukua kalamu.

"Niandikieni, niweke sahihi," akasema. "Binti bado mdogo. Ana njia ndefu."

"Utafanya kazi wapi?" nikamuuliza.

"Mashine zinaharibika kila mahali, Mama."

"Hapana," Madam akasema, akiangalia chini. "Afadhali nikuambie ukweli. Kampuni zote za cherehani zipo kwenye ukumbi huu. Taarifa kama hiyo haihitaji hata stempu. Kufika jioni itakuwa imeshatembea yenyewe."

Hata hivyo fundi hakuiweka kalamu chini.

Ndipo nikasema, polepole, nikihesabu kwa vidole vyenye mafuta.

"Sindano ilitiwa kinyume. Ncha ilikuwa imekufa, nikaweka yangu mpya. Nendeni mkaitoe mwone, si ya aina mnayotumia nyinyi, ni fupi kidogo. Mkazo wa uzi ulikuwa umezidi, nikarudisha mzunguko mmoja na nusu. Kwenye reli ya bobini, uzi wa chini unapozungukia, kulikuwa na vumbi la kitambaa. Nikatia mafuta matone mawili, si matatu. Mnataka na rangi ya vumbi?"

Uso wa huruma wa Madam ukaondoka taratibu, ukabaki uso wa kazi.

"Mtu anayechanganya mambo haongei hivyo," akasema.

Akamgeukia mjukuu wangu.

"Mimi huyu mama simjui. Unamjua wewe. Kama ana akili timamu, basi aliyehujumu maonyesho yetu ni mtu uliyemleta wewe, na Jumatatu usije. Kama hana, fundi anaweka sahihi na maisha yanaendelea. Nitaandika utakachoniambia, wala sitauliza mara ya pili. Bibi yako ana akili au hana?"

Mjukuu wangu akanitazama. Akamtazama fundi.

"Naomba dakika tano na bibi yangu," akasema.

Madam akatoka. Fundi akatoka, akavuta mlango pole pole usigonge.

Tukabaki wawili na masanduku. Hakulia. Akapiga magoti mbele ya kile kiti, jinsi alivyokuwa akipiga magoti nimfunge vifungo vya sare ya shule.

"Nilijua ni wewe tangu mshono wa kwanza," akasema. "Nilitaka kuiharibu, Bibi. Nilijaribu kupindisha kitambaa nikiwa nashona. Mkono ulikataa. Umenifundisha vibaya. Siwezi hata kushona mshono mbaya kwa makusudi."

"Lakini maneno yanakubali," nikamwambia.

"Maneno yanakubali," akasema. "Leo ndiyo nimejua. Nikishika kile kipaza sauti, watu wananisikiliza. Mimi, Bibi! Naitaka kazi hii."

"Najua."

"Na yule baba amekukatia sponji."

"Nalo najua."

Akanishika mikono yote miwili, mafuta na yote, yakamchafua.

"Basi niambie wewe. Nikifungua ule mlango, niseme una akili au huna? Lolote utakaloniambia nitalisema. Na nitalisema vizuri, Bibi, wataniamini."

Nje nilimsikia Madam akitembea na viatu vyake vya kisigino, anakwenda, anarudi. Fundi sikumsikia kabisa.

Nikamvuta kichwa chake karibu na mdomo wangu, nikamwambia.

Alisikiliza mpaka neno la mwisho. Akainuka, akajifuta uso kwa mkono wa blauzi, akaenda kufungua mlango. Alichokisema huko nje nitawaambia wiki ijayo.